Mzee aliyetaka kurudi Mombasa: uchambuzi wa kisa kimoja cha kuuguza nyumbani

## Kabla ya kisa

Familia imeniruhusu niandike. Majina nimeyatoa, mtaa sitautaja, hospitali pia sitaitaja, na mambo mawili matatu nimeyageuza kidogo ili hata jirani akisoma asiseme aa, huyu ni fulani. Mie ni nesi, nazunguka majumbani hapa Mombasa kwa wagonjwa ambao dawa ya kuponya imefika mwisho. Kazi yenyewe inaitwa huduma shufaa, yani ugonjwa wenyewe hatuufukuzi tena, tunapambana na maumivu na kichefuchefu na hofu, na tunawashika mkono wale wanaouguza. Nimeandika kwa sababu kila baada ya miezi michache napigiwa simu na mtoto wa mtu, swali ni lile lile, babangu yuko Nairobi, au yuko Muscat au Jeddah, madaktari washasema hakuna zaidi, anataka kurudi, sasa tumlete vipi? Na hilo la kumleta vipi ndilo dogo kuliko yote, lakini mie mwenyewe nilikuwa silijui vizuri mpaka kisa hiki.

## Mzee na watu wake

Mzee alikuwa na miaka 67. Alitoka Mombasa miaka 19 nyuma kwenda Nairobi kutafuta, kazi yake ufundi wa malori. Huku aliacha mke na watoto wanne, mdogo ndio kwanza anatambaa. Mwanzo alituma pesa, alafu zikapungua, alafu talaka ikaja kwa barua mkononi mwa dereva wa basi, alafu kimya. Nairobi alioa tena, yule mke wa pili akafariki, hawakuzaa. Aliyekuwa akimtazama huko ni kijana mmoja wa gereji aliyemfundisha kazi.

Ugonjwa ni saratani ya umio, ile njia ya chakula ya kutoka kooni kwenda tumboni. Ni katika saratani zinazouwa sana watu hapa Kenya, na ubaya wake wengi huenda hospitali chakula kishakataa kupita. Yeye alianza kukwama na nyama, akahamia wali, akahamia uji, na alipopimwa ishafika kwenye ini. Akapigwa mionzi ya kupunguza uvimbe, akawekewa stenti, kijibomba cha waya cha kufungua njia, kwa hivo uji mwepesi na maji vilikuwa vinapita akinywa polepole amekaa.

Huku Mombasa kuna binti mkubwa, mwalimu wa chekechea, amepanga gorofa ya tatu upande wa bara. Kaka anayemfuata ni dereva Ghuba. Wa tatu ni kijana fundi wa simu mjini, huyu hata jina la babake alikuwa hataki litajwe mbele yake. Wa nne msichana, yuko chuo. Kuna shangazi, dada yake mzee, mjane wa miaka 61, ana nyumba yake ya Kiswahili ya chini kisiwani. Na kuna mama watoto, hakuolewa tena, yuko kwa kakake, mitaa miwili kutoka kwa shangazi.

## Simu ya kwanza, na siku tatu nilizozipoteza

Binti alinipigia Jumatatu jioni. Mzee alikuwa na siku 12 wodini, daktari ameshawaita akawaambia kilichobaki ni kumtuliza. Mzee akamwambia binti kwa simu, "Mwanangu, nipelekeni kwetu, nataka nilale nisikie watu wakigombana kwa Kiswahili changu."

Nikaingia kwenye safari moja kwa moja. Siku tatu nzima mie na binti na kaka wa Ghuba kwenye grupu ya wasapu tunapima ndege, gari na treni. Ntayaeleza manake yana faida.

Ndege ni kama saa moja angani, ilionekana ndio rahisi. Lakini shirika la ndege linataka fomu iliyojazwa na daktari kwamba mgonjwa anaweza kuruka, wao ndio wanaamua kumpokea au kumkataa, na daktari wake alikuwa mzito kusaini kwa sababu damu yake ilikuwa chini. Ambulensi ya njia nzima, karibu kilomita 480, bei yake ingekula pesa yote iliyochangwa na baada ya hapo hakuna ya pampasi wala godoro, tena ile barabara na malori yake waweza kukaa masaa tisa au zaidi, mtu mwenye maumivu ya mgongo unamkaanga. Treni, hii ya SGR iliyoanza 2017, ni masaa matano na kitu, kuna choo, hakuna matuta, na mzee mwenyewe kulala chali alikuwa hawezi kwa sababu akilala bapa uji unarudi na kumpalia, kwa hivo kukaa kwenye kiti kilichoegemea hakukuwa adhabu kwake. Tukaamua treni, daraja la kwanza, binti aende akamchukue na yule kijana wa gereji asafiri nao.

Uamuzi huo ulikuwa mzuri na sijutii. Ninachojutia ni kwamba tiketi ilikuwa karibu kukatwa na hakuna aliyeuliza anafikia wapi.

## Swali la shangazi

Siku ya nne shangazi aliniita kwake. Akanipa kahawa na haluwa, akasema, "Mwanangu, nyinyi mwazungumza treni, mie nazungumza kitanda. Atalala wapi, na saa tisa za usiku akitaka kugeuzwa, atamgeuza nani?"

Nikanyamaza. Jibu la kila mtu kwenye grupu lilikuwa "nyumbani", na nyumbani hapakuwepo, aliiacha miaka 19 na ile nyumba ya kupanga walioishi ishabomolewa.

Tukaitisha kikao siku ya pili baada ya Isha, ukumbini kwa shangazi, kaka kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Kwa binti ilikuwa gorofa ya tatu bila lifti, ukimpandisha hutamshusha tena isipokuwa kwa jeneza, na akizidiwa usiku vijana wa kumbeba utawatoa wapi. Kwa mama watoto hapakujadiliwa sana, talaka ni ya zamani, eda ishapita miaka, si mume wake wala si maharimu wake, yani ndugu wa damu asiyeweza kumuoa, na kumuuguza mwanamume ni kumvua na kumuosha. Kitindamimba alilia hapo, alikuwa ana picha yake kichwani ya wazazi wake chini ya paa moja. Ikabaki kwa shangazi. Dada kumuuguza kaka yake ni jambo la kawaida, nyumba ni ya chini, mlango mpana, choo kiko karibu.

Lakini shangazi ana mgongo, na hili nlilisema waziwazi mbele ya watu, kwamba tukimwachia peke yake tutakuwa na wagonjwa wawili ndani ya wiki mbili. Ndio likanunuliwa daftari la kurasa 96 likafungwa kamba mlangoni. Nusu ya kwanza ni zamu, nani yuko usiku gani, na nusu ya pili ni dawa, saa, kiasi, na nani ametoa. Mpwa wake mzee wa miaka 24 akajitolea zamu za usiku na kumuosha. Nakumbuka kaka wa Ghuba aliuliza mbona kuandika kama dukani, nikamwambia ngoja utaona.

Chumba nacho kilizungumzwa. Binti alitaka chumba cha ndani kwa faragha, shangazi akataka cha mbele chenye dirisha la barabarani. Tukachukua cha mbele, ilikuwa Kaskazi, joto na unyevu wa Mombasa mwezi wa pili mnaujua, na chumba cha ndani hakikuwa na upepo wowote stima ikikatika. Mzee alipofika alishukuru kwa dirisha hilo kuliko kitu chochote.

## Kama aambiwe au asiambiwe

Kaka wa Ghuba alikuwa amekataza kabisa mzee asiambiwe kwamba hakuna matibabu zaidi. "Atakata tamaa afe kwa hofu." Simlaumu, hata mie kwa babangu ningeona uzito. Nlichofanya, nlimpigia mzee nikamuuliza, mzee, wewe mwenyewe huu ugonjwa waufahamu vipi? Akacheka kidogo akasema, "Binti yangu, mimi ni fundi. Injini ikishapasuka bloku, najua kwa mlio tu. Wao ndio hawajui kwamba najua, na sitaki kuwaumiza."

Kwa hivo miezi miwili baba na mtoto walikuwa wanafichana kitu kimoja. Nlimwomba ruhusa nimwambie mwanawe, akakubali. Usiku huo kaka alimpigia babake wakaongea saa nzima na nusu, sijui walisema nini wala sikuuliza, lakini kuanzia hapo mzee akaanza kusema mambo yake, na la kwanza lilikuwa madeni. Akamtajia binti watu sita, nani anadaiwa na nani anamdai. La mwisho kwenye orodha ni mahari ya mama watoto, nusu yake hakuwahi kuilipa.

## Safari

Alhamisi. Binti alikuwa amefika Nairobi siku moja kabla, na hili nalishikilia, usiende asubuhi kumchukua mgonjwa jioni, nenda siku kabla ulale, uone anavyotolewa dawa, ujifunze kumgeuza na manesi wakiwepo.

Wodini akapewa chupa ya mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, mililita 250, kila mililita moja ina miligramu moja. Dozi yake mililita 5 kila baada ya masaa manne, yani saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku anapewa mara mbili ili asiamshwe saa nane za usiku. Barua ya kutoka hospitali ilikuwa na historia yote ya mionzi, kurasa tatu, lakini kwenye dawa iliandikwa "aendelee kama kawaida". Kawaida gani? Dozi tuliijua kwa sababu binti aliuliza akaandika kwenye simu. Binti akarudi kaunta akaomba barua nyingine fupi ya dawa yenyewe, jina, kiasi, sahihi na muhuri, na ilifaa, manake stesheni ya Nairobi kuna ukaguzi, mizigo inapangwa chini inanuswa na mbwa, na chupa ya mofini bila barua ni maelezo marefu mbele ya foleni ya watu. Alipewa dozi nusu saa kabla ya kutoka wodini ili imshike wakati wa kumpandisha garini, kunyanyuliwa ndiko kunakouma zaidi.

Ndani ya treni alikuwa sawa mpaka Voi, alafu maumivu yakamjia kabla ya saa yake. Binti akanipigia, nikamwambia ampe dozi ya ziada, mililita 5 zile zile, hiyo inaruhusiwa, maumivu yakitoboa kabla ya saa unampa ya kuzibia na ile ya saa yake inabaki pale pale. Mpaka wanalala siku hiyo alikuwa amepewa tatu za ziada.

Miritini, stesheni ya Mombasa, tulikuwa tunawasubiri na gari ya kukodi, kiti cha mbele kimelazwa, mito minne. Nusu ya uchovu wa siku nzima ilikuwa kutoka Miritini mpaka kisiwani, msongamano ulikuwa umekaza kuanzia Changamwe. Kwa anayepanga, hiyo sehemu ya mwisho ihesabu kama safari ya pili. Sisi tuliisahau, hata maji ya kumlowesha mdomo hatukuwa nayo garini.

## Usiku wa Jumapili

Ijumaa nlimpima upya, kwa sababu mtu akihitaji ziada tatu kwa siku dozi yake haimtoshi. Nikaongea na daktari wetu akapandisha mpaka mililita 7.5, Jumamosi ikafika 10. Maumivu yakashuka, mzee akalala, akaomba redio. Sote tukafurahi. Na hapo ndipo nlipokosea, hesabu ya dawa ilipanda mie hesabu ya chupa sikuifanya. Kwa mililita 30 kwa siku ile chupa ilikuwa ya siku nane. Kwa 60 na za ziada juu yake haifiki siku nne. Jumapili saa nne za usiku mpwa akamimina, ikatoka mililita 5 na povu.

Tulipiga simu chemisti kadhaa za mjini, hakuna iliyokuwa nayo, hii si panadoli, inatoka kwa daktari aliyeandika na hospitali inayoitengeneza. Ule usiku sitausahau. Mzee aling'ata shuka mpaka likachanika, shangazi anasoma Yasini sauti inakatika, mpwa amekaa chini kashika miguu ya mjomba wake. Tulipata dawa Jumatatu karibu saa tatu asubuhi. Masaa kumi na moja. Yangekuwa ni masaa sifuri kama Jumamosi ningefunua daftari nikajumlisha. Siku hizi sitoki kwenye nyumba Ijumaa bila kuona chupa kwa macho yangu na kuihesabia mpaka Jumanne.

Jambo jingine la wiki hiyo ni neno lenyewe mofini. Hapa kwetu Pwani tumezika vijana kwa unga, yani heroini, kila mtaa una wake, kwa hivo mzazi akisikia mofini anasikia unga, na kweli ni ndugu wa mbali, vyote asili yake ni afyuni. Shangazi alikuwa anapunguza dozi kwa siri, anamimina chini ya kipimo, ili kaka yake "asikutane na Mola wake mlevi". Aliniambia mwenyewe, na tulikaa kitako tukaliongea. Nlimweleza mtu mwenye maumivu ya saratani akipewa kipimo chake kwa saa zake hafukuzii ulevi, anachofukuzia ni usingizi na sala. Akaniuliza kama anaweza kusali na dawa hii mwilini, nikasema hilo si langu, tumwite sheikh. Sheikh alikuja Jumanne, akasema dawa ya dharura haina tatizo, na mzee asali alivyo, amelala, kwa ishara ya macho, atayamamu akishindwa udhu, na pampasi isimzuie, ibadilishwe inapowezekana. Shangazi hakupunguza tena. Maneno yangu pekee yasingetosha.

Chupa tulifungia kabatini kwa ufunguo, kijana wa jirani ana matatizo hayo hayo ya unga na alikuwa akiingia kusalimia. Hakuna aliyemvunjia heshima, kabati tu lilifungwa.

Na choo. Mofini inafunga choo karibu kila mtu, dawa ya kulainisha inaanza siku ile ile ya dozi ya kwanza. Nairobi hakupewa na mie nikadhani amepewa. Siku ya sita tumbo gumu kama ubao, anatapika, familia inadhani ndio mwisho, kumbe ni choo. Ilichukua siku mbili kumfungua, na ni mateso yasiyokuwa na haja.

## Mahari

Wiki ya pili mzee aliomba kuonana na mama watoto. Alikuja na kakake, akakaa kwenye kiti karibu na mlango, buibui yake, hakuinua sana macho. Mzee akamtaka radhi. Akamwambia na ile mahari nakudai... akajirekebisha, "wanidai". Kaka wa Ghuba alikuwa keshatuma pesa, binti akampa bahasha.

Mie nlidhani atasema nimekusamehe, weka. Wengi tulidhani hivo. Hakusema. Aliifungua akaihesabu mbele yetu, noti kwa noti, akasema, "Imetimia." Alafu baada ya hapo ndio akasema, "Na mengine nimekusamehe kwa Mungu. Watoto watakusamehe wenyewe wakitaka, hao siwasemei." Akaondoka. Kuanzia kesho yake kila asubuhi uji wa mchele wenye tui jepesi ulikuwa unakuja kwa mkono wa mtoto wa jirani, chombo kimefunikwa kitambaa, na hakuna aliyeuliza umetoka kwa nani.

Nimeliwaza sana hili. Kama mie ndiye ningepanga yale mazungumzo, ningemwomba asamehe yote kwa mkupuo, na ningemnyima haki yake.

## Kijana wa tatu

Huyu nlimkosea. Siku ya kumi na tano nliona mzee anashuka, nikamfuata kijana dukani kwake, nikamwambia babako hana wiki nyingi, usije ukajuta. Yeye ndiye alikuwa na miaka 9 babake alipoondoka, ndiye aliyeacha shule akiwa kidato cha pili kwenda kubeba mizigo. Alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Sista, wewe umemjua wiki mbili." Akanikazia kioo cha simu yangu, kilikuwa kimelegea, hakutaka pesa. Hakuja.

Lakini zamu mbili kwenye daftari zina jina lake. Mpwa aliniambia baadaye, alikuja saa saba za usiku mara mbili, mzee amelala, akamgeuza, akambadilisha shuka, akaandika, akaondoka kabla ya alfajiri. Ningelinyamaza labda angekuja mapema zaidi, labda pia asingekuja, lakini kumtisha mtu kwa majuto hakukunipa chochote.

## Wiki ya mwisho

Mzee aliacha kula, alafu akaacha kunywa isipokuwa kulowesha ulimi. Hapa ndipo nyumba nyingi hupasuka. Kaka kwa simu anataka dripu, jirani anasema mnamuua na njaa, kitindamimba anamlazimisha uji mpaka anapaliwa. Nliwaeleza kwamba mwili unaofunga kazi hauombi chakula, maji ya dripu figo hazitayatoa, yatajaa miguuni na kifuani na yatamfanya asikie anazama. Mdomo ndio wa kuhudumiwa, pamba na maji kila nusu saa, mafuta midomoni. Kitindamimba nlimpa kazi hiyo ya pamba. Alikuwa anataka kumlisha babake, na hilo likawa ndilo lishe.

Wageni nao. Wiki ya kwanza walikuwa wanaingia toka asubuhi, ni desturi na ni thawabu kumzuru mgonjwa, lakini mzee alikuwa hapati usingizi na shangazi anapika chai ya watu arubaini. Tukaweka baada ya Alasiri mpaka Magharibi, na mpwa akakaa barazani kuwapokea. Walikubali vizuri kuliko tulivyoogopa.

Karatasi pia, mapema. Mtu akifia nyumbani taarifa inaanza kwa naibu chifu, ndiye anayeandika kifo na kutoa kibali cha kuzika, na sisi tunazika siku ile ile. Binti alikwenda kumuona naibu chifu wiki moja kabla, na barua ya hospitali na kitambulisho, ili siku yenyewe asianze kumuelezea mtu mgeni.

Alikata roho Jumamosi kabla ya alfajiri, siku ya 24 tangu afike. Pumzi ilianza kubadilika jana yake Adhuhuri, zinakatika zinarudi, na mkoromo, nikawafundisha kumlaza kwa ubavu, mkoromo ukapungua. Binti na shangazi walikuwepo, shangazi akimtamkia shahada taratibu bila kumshindilia. Akazikwa makaburi ya Kikowani baada ya Adhuhuri. Kijana wa tatu alishuka kaburini kumpokea babake, yeye na mpwa.

## Nikikipima kisa chote

Treni, daftari, chumba cha mbele, sheikh, naibu chifu, hivi vilisimama. Kilichokuwa kikubwa zaidi hata hivyo ni lile swali la kitanda, na nasikitika lilitoka kwa shangazi, mie mwenye kazi sikuliuliza. Sasa nikipigiwa simu ninauliza majina matatu ya watu watakaolala naye usiku kabla ya kuuliza mgonjwa yuko mji gani. Wakishindwa kunipa matatu, tunatafuta hayo kwanza.

Makabidhiano yalikuwa mabovu kabisa. Hospisi, yani kituo cha huduma shufaa, ya kwanza Kenya ilifunguliwa Nairobi tangu 1990, na hapa Mombasa tuna Coast Hospice, kwa hivo si kwamba hakuna watu wa kupigiana simu. Upande ule hakuna aliyenipigia, na mie sikupiga, nikategemea barua. Simu ya dakika kumi kati yangu na nesi wa wodi ingeokoa choo, na pengine ule usiku wa Jumapili.

Na tulichelewa. Mzee alianza kusema anataka kurudi miezi mitatu kabla, wakati bado anatembea na fimbo, watu wakamwambia pona kwanza. Siku 24 ni nyingi ukiwa ndani yake, lakini mbili za kwanza zilikwenda kwenye uchovu, sita kwenye maumivu na tumbo, na tano za mwisho hakuwa nasi sana. Zilizobaki ni kama kumi na moja za mazungumzo. Mahari, madeni, redio, dirisha, vyote vimo humo.

## Simu ya binti

Wiki tatu baada ya mazishi binti alinipigia usiku. Hakusalimia sana. Yeye ndiye aliyetoa dozi ya mwisho, saa nne za usiku, masaa sita kabla, na tangu siku ile halali. "Niambie kweli sista. Ni mie?"

Nlikwenda asubuhi yake. Nikaomba daftari, shangazi akalitoa chini ya msahafu. Tukakaa mkekani tukasoma mstari kwa mstari, kiasi ni kile kile kwa siku tisa, saa ni zile zile, na pumzi iliandikwa imebadilika Adhuhuri, kwa hati ya mpwa, masaa kumi kabla ya mkono wake kushika chupa. Nikamweleza ile dozi haikuwa mpya wala kubwa, mwili wake ulikuwa unaijua, na bila hiyo angekwenda vile vile lakini kwa kung'ata shuka. Aliisoma tena peke yake kwa kidole. Alafu akauliza kama anaweza kuondoka na daftari, na shangazi akasema chukua, lakini zile kurasa mbili za usiku wa saa saba nitolee nakala, nampelekea kakako.